Vifo Arobaini na Kimoja

Nilivihesabu mimi, maana mwenyewe hakujali:
kwa risasi mara kumi na tisa, kwa sumu mara tano,
mara moja kwa kukanyagwa na farasi mweupe
aliyelipwa zaidi yake, ndivyo alivyodai.
Na kila alipokufa alirudi kwake kwa treni ya saa tano usiku,
damu ya rangi ingali nyuma ya sikio,
akapasha moto supu ya kabichi.

Kazi yangu ilikuwa kukaa gizani,
juu ya kigoda, kando ya pazia,
kitabu cha mchezo magotini,
tochi nimeivika soksi.
Mwigizaji akisahau, namnong'oneza.
Miaka thelathini na miwili
Ted Coslow hakunihitaji.
Usiku mmoja alinikumbusha mimi ukurasa.

Jina hilo alipewa na wakala, ghorofani, juu ya duka la kofia.
Wakala alilitazama lile la kuzaliwa, akakohoa:
"Hili halienei kwenye bango."
Akalikata, kama mtu anavyotoa mafuta kwenye nyama.
Baba yake, mtu wa tanuri za chuma kule Buffalo,
mikono imejaa makovu ya cheche kama tetekuwanga,
alikuja ukumbini mara moja tu.
Akakaa safu ya nyuma kabisa, kofia mapajani,
akaisoma karatasi ya majina toka juu hadi chini,
kisha toka chini hadi juu,
akadhani mwanawe kafukuzwa kazi.

Mbele ya kamera alikuwa hakimu, alikuwa daktari,
alikuwa polisi anayefika kumekwisha haribika.
Alikuwa mtu wa tatu kwenye lifti.
Hakumbusu yeyote katika filamu
ila maiti mmoja, kwenye paji la uso.
Sura yake iliingia kila sebule ya nchi ile
bila hodi, ikatoka bila kwaheri.
Akichagua vitunguu sokoni Cleveland,
mama mmoja alimshika mkono:
"Si wewe uliyening'oa jino?"
"Ndiye mimi," alisema Ted. "Pengo linaendeleaje?"

Mafundi wa jukwaa waliuliza kama nilimpenda.
Niliupenda ukimya wake.
Kuna mchezo alikuwa tarishi, ana neno moja,
"Pole", na barua mkononi.
Usiku wa kwanza alinyamaza sekunde nne kabla ya kulisema.
Usiku wa mia alifika kumi na moja.
Ukumbi mzima uliacha kukohoa.
Kidole changu kilikuwa juu ya neno, mdomo nimeufumba,
kwa kuwa kusahau kuna harufu
na ukimya ule haukuwa nayo.

Harufu niliisikia Milwaukee,
theluji imefika madirishani, nusu ya viti vitupu,
yeye ana miaka sabini na minane.
Nilinong'ona. Alilipokea neno
kama mgeni anayevishwa koti mlangoni
na hana hakika kuwa ni lake.
Tulimaliza mchezo. Hakuniaga.

Sasa yuko New Jersey, nyumba ya waigizaji wazee,
yenye bata bwawani na jeli ya kijani kila Jumanne.
Televisheni ilikuwa inamwonyesha akifa, kijana, ngazini.
"Mbaya huyo," alisema. "Tazama goti linavyotangulia.
Aliyekufa kweli hajali goti."
"Ni wewe huyo, Ted."
"Ted nani?"
Akanigeukia kwa jicho nililolijua, jicho la Milwaukee,
nami sikuwa na kitabu, sikuwa na tochi.
Nikainama sikioni.
"Tadeusz," nilinong'ona. "Tadeusz Kościołek."

Akakunja uso.
"Unalitamka vibaya."
Akaegemea kiti, akavuta pumzi toka tumboni
kama tulivyofundishwa zamani,
akalisema mwenyewe, taratibu, silabi kwa silabi,
kwa sauti ya kufika safu ya nyuma.
Muuguzi akachungulia mlangoni,
akauliza anaitwa nani.