Mstari wa Kumi na Nne

Tumeketi kwenye viti vya darasa la kwanza,
magoti yametufika kifuani,
wazazi saba na walimu wawili wa Shule ya Harvala,
Dakota Kaskazini, Jumanne ya pili ya Mei,
na theluji ingali imejibanza mtaroni kama mdeni.

Mimi ni mwekahazina wa wiki tatu.
Marlys Tveit alifariki Machi; mumewe akaniletea
kopo la biskuti lililoshiba stakabadhi
na daftari lenye jalada la kijani.
"Namba zake hizi, Ardis. Mimi sizielewi,"
akasema, kisha akasimama mlangoni
muda mrefu kuliko maneno yenyewe.

Haya. Mapato.
Pai za tufaha, dola mia tisa na kumi
(Duane Hochhalter alikula tatu kwa ahadi,
na ahadi haipokelewi benki).
Jioni ya chapati za maji na soseji.
Nusu ng'ombe wa bahati nasibu,
aliyekwisha katwa, kufungwa, kugandishwa,
na mshindi hana friza.

Matumizi.
Basi la darasa la nne kwenda kuona mifupa ya dinosaria:
dizeli imepanda, mifupa haijasogea karibu.
Zawadi za walimu: Bwana Vetter anaomba, kwa heshima,
isiwe kikombe tena. Anavyo kumi na kimoja,
vyote vinamshukuru, na kabati ni moja.
Tunachonga hapa, tunachonga pale,
bandu bandu, na gogo lenyewe lilikuwa ufito.

Ndipo Joelle Sandvik, ambaye hufanya kazi benki
na huona sifuri iliyolegea kutoka ng'ambo ya chumba,
anaweka kidole: "Na hii?"

Mstari wa kumi na nne hauna jina.
Kistari tu, kisha mia mbili na arobaini.
Kila mwaka, miaka kumi na minne, wino uleule.
Mali bila daftari huisha bila habari, sawa;
lakini hapa daftari lipo, mali imekwisha,
na habari ndiyo haipo.

Tunafukua kopo. Stakabadhi ya puto. Ya gundi.
Ya pambo la mti wa Krismasi lililorudishwa.
Hakuna anayetaka kusema neno *wizi*
juu ya mwanamke aliyezikwa ardhi ikiwa bado jiwe,
kwa hiyo tunasema "hitilafu", tunasema "pengine".

Verna wa jikoni ameingia kuchukua birika lake la kahawa.
Anasoma juu ya bega langu bila kukaribishwa.
"Hayo ni madeni ya chakula cha mchana," anasema.
"Alikuwa akija kwa mlango wa nyuma, mwisho wa mwezi.
Aliuliza *kiasi gani*.
Hajawahi kuniuliza *nani*."
Akalibeba birika lake, akaondoka.

Mwaka ule viazisukari vilipoganda shambani
na Lyle akauza trekta la pili,
barua za deni la Tessa zilikoma kuja.
Nilidhani kompyuta ya shule imekosea.
Nikanyamaza, nisije nikaisahihisha.

Sijawaambia. Nachonga penseli isiyohitaji kuchongwa.

"Lazima uwe na jina," Joelle anasema, taratibu sasa,
"mkaguzi ataliuliza."
Bwana Vetter: "Toeni pesa za kikombe."
Duane anatoa noti mbili zilizokunjamana,
anaziweka mezani bila kumtazama mtu. Pai.

Kwa hiyo nimeandika mia tatu.
Mbele yake, kwa rula, nimechora kistari,
kirefu kidogo kuliko cha Marlys.
Joelle amekitazama, amekohoa, ametia sahihi.

Ajenda inayofuata:
friza, nani ana friza.