Pambizoni, kwa Penseli

Feni ya tatu imegoma tangu asubuhi.
Mezani petu majaji: jagi la maji ya vuguvugu,
mahamri mawili yaliyosalia, na karatasi
yenye vijumba sita vya alama.
Msuko. Wahusika. Dhamira. Lugha. Muziki. Maono.
Mgiriki mmoja wa kale ndiye aliyevipanga,
nasi hapa Tononoka twamtii, jasho likitutona.

Namba kumi na tisa, wale wa Jomvu.
Kontena lao ni maboksi ya biskuti
yaliyopakwa rangi jana usiku, bado mbichi;
kila anayeliegemea
anaondoka na mgongo mwekundu.
Maono: sita. Nikafuta. Saba,
maana bandarini nako kutu humshika mtu vivyo hivyo.

Msuko wao ulifumuka karibu na kisogo,
kama nywele zilizosukwa mbio kabla ya kengele:
dereva kaachishwa kazi, mizigo imehamia relini,
mara harusi, mara vigelegele,
harusi ya nani, hata sasa sijui.
Lakini yule kijana wa chapuo!
Kalamu ilinitoka nikaifuata chini ya meza.
Muziki: tisa. Madamu Nyevu akanikazia macho.

Ndipo onyesho la mwisho.
Bwanaheri, kidato cha tatu, ndevu za masizi,
anaingia nyumbani, kofia ya dereva mkononi.
Anapaswa kusema (msuada ninao, ukurasa wa ishirini na mbili)
"Mke wangu, dunia imenigeuka."
Hasemi.
Kinywa ki wazi, neno limekwama.
Nyuma ya pazia mwalimu wao ananong'ona,
dunia, dunia,
ukumbi mzima umeisikia isipokuwa yeye.
Nilihesabu sekunde kumi na moja.
Walimu wa shule pinzani wakaanza kutabasamu.

Kadzo, kidato cha kwanza, mtoto wa mchezo,
ambaye kazi yake ni kulala mkekani hadi taa zizimwe,
akaketi. Akamtazama.
"Baba, ushakula?"

Haimo. Nikapekua mbele, nikapekua nyuma. Haimo.
Bwanaheri akavua kiatu kimoja, polepole,
akajibu, "Nimekula, mwanangu,"
kwa sauti ya mtu ambaye hajala.
Zile feni mbili zikasikika zikizunguka.
Mama mmoja safu ya nne akajifunika uso kwa leso.

Kanuni ya saba: atokaye nje ya msuada
apunguzwe alama mbili.
Nikapunguza. Mkono ndio uliopunguza,
mkono wa miaka ishirini na sita ya chaki.
Hofu na huruma, alisema Mgiriki,
wala hakuacha kijumba cha kuzitia.
Madamu Nyevu akaniinamia:
"Ile ya chakula, imeandikwa?"
"Haikuandikwa."
"Basi niitie wapi?"
Nikamsogezea jagi.

Walikuwa wa tatu. Wanaokwenda mbele ni wawili.
Bombani, nje, Kadzo alikuwa akisugua sare yake kwa ndimu,
ile rangi haitoki,
analia, adhani yeye ndiye aliyewaponza.
Nikapita. Jaji hasemi na wachezaji, kanuni ya tatu.

Fomu imekwenda ofisini.
Pambizoni, kwa penseli, pale pasipojumlishwa,
nimeandika neno moja:
ushakula.