Lenzi Iliyokufa

Mara ya kwanza, Bi Ghaniya wa Al-Khoudh
alinipokea mlangoni pa ukumbi, upande wa wanawake,
pale simu zote hubandikwa stika jichoni.
Akaitazama kamera yangu, akanitazama mimi,
akaitazama tena.
"Ndiyo hiyo? Ndogo hivyo?
Mwanangu Azza anayo kama hiyo, ya kuchezea."
Tulikuwa tumepatana riyali mia na themanini.
Kabla kahawa haijapoa, zikawa tisini.

Wahenga walisema kizuri chajiuza.
Labda. Lakini hawakuwahi kupiga picha harusi za Seeb,
ambako kibaya kikining'inia shingoni, kizito, cheusi,
chenye pete nyekundu mdomoni,
kishanunuliwa kabla kizuri hakijatoka mkobani.

Jumamosi nikashuka Ruwi,
nyuma ya maduka ya dhahabu, ngazi mbili, mlango wa tatu,
kwa Biju anayetengeneza kamera chini ya taa ya meza.
Nikamwambia nataka lenzi kubwa.
"Kubwa kiasi gani?" "Kama chupa ya chai."
"Ya kazi gani?" "Ya kutazamwa."
Alicheka mpaka akavua miwani.
Akanitolea moja kabatini: imeota ukungu ndani,
mota imekata roho, shingo imelegea.
Riyali kumi na mbili. Vumbi akanifutia bure.

Tangu hapo naingia harusini na maiti begani.
Wanawake wakiiona wananyosha shela, wanakaza midomo,
watoto wananipisha njia,
mama wa bwana harusi huniletea halwa sijaiomba.
Bei yangu mia tatu, na hakuna aliyekohoa.
Kazi naifanya na kale kadogo,
kalenzi ka milimita hamsini, kepesi kama kitumbua,
kanakonisogeza karibu hadi nisikie pumzi,
hadi bibi yake bwana harusi asahau kuwa nipo
na aanze kulamba sukari ya halwa kidoleni.
Picha ile haikutaka pesa. Ilitaka nipige magoti.

Ingekuwa ngano, ningeishia hapa,
nikajisifu: jicho ndilo, chombo si kitu.

Lakini kuna usiku wa Barka.
Taa zilizimwa zote, ukabaki mshumaa mmoja mmoja mezani,
moshi wa udi umetanda,
na Thuraya akaingia taratibu, ameshikwa mkono na mama yake,
hatua ishirini na moja; nilizihesabu baadaye, nyumbani.
Kadogo kakautafuta uso, kakaukosa,
kakautafuta tena. Nikapandisha ISO mpaka mwisho.
Nilichopata ni chenga,
chenga tupu, kama mchele wa kulishia kuku,
na ndani yake, mahali fulani, bibi harusi.

Mshindwa ngoma husingizia uwanja.
Naijua methali, mama yangu alinilea nayo.
Ila naapa, usiku ule uwanja ulikuwa mbovu,
na kamera ya riyali elfu moja na mia mbili
ingeuona uso wa Thuraya
kama paka aonavyo panya gizani.
Thuraya alizitazama picha zote, moja moja, akasema, "Si neno."
Afadhali angenitukana.

Sasa naweka akiba kwenye kopo la maziwa ya unga.
Mia nne na kumi, mpaka jana.
Mpwa wangu Sulaima anataka kuianza kazi hii,
ananiuliza anunue nini kwanza.
Namuuliza: taa za ukumbi nani anazizima?
Na huyo anayelipa, anatazama picha au shingo yako?
Anadhani namkwepa.

Lenzi ya Biju iko roshanini,
inazuia mlango usibamizwe na upepo.
Kazi yake ya kwanza ya kweli tangu niinunue,
na inaiweza.
Alhamisi kuna harusi Al-Mawaleh.
Nitaifuta vumbi, nitaivaa.