Ua Uliopimwa kwa Mbuzi

Mimi ndiye niliyeandika muhtasari.
Mtumba, ghorofa ya pili, mwezi wa nane,
upepo umeleta vumbi hadi ndani ya kibodi
na feni ya seva inakohoa kama mponda kokoto.

Ndahani Mwaluko alileta ukuta wake:
miezi kumi na minne ya msimbo,
umejengwa ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo,
pale ambapo mashine haina tena wa kumwita.
Kila ikiwaka, alisema, vyumba vinahama,
palipokuwa jiko leo, kesho ni stoo;
mwizi aje na ramani ya jana
apapase, ajikwae, aondoke.
Akatandaza jedwali.
Mashambulizi arobaini na mawili. Yaliyopenya: sifuri.
Mkurugenzi akapiga makofi mawili, akatazama saa.

Sechelela hakupiga.
Amekulia Bahi, nyuma ya ng'ombe wa baba yake,
na alisema polepole
kama mtu anayetoa mwiba kisiginoni.
"Haya arobaini na mawili
yaliandikwa kabla ukuta haujazaliwa.
Hakuna hata moja linalokujua.
Ndahani, umepima ua kwa mbuzi.
Mbuzi akichomwa hurudi nyuma.
Fisi hukaa, akahesabu miiba."

"Na wewe uliyeanzia ndani,
ufunguo mkononi,
unajisifu umefungua mlango?"

"Nimeanzia anapoanzia karani yeyote
mwenye nywila ya kawaida.
Vyumba vinahama, sawa,
ila vinahama vyote pamoja, kwa mpangilio uleule.
Jirani mmbea akitaja kimoja tu,
nyumba nzima imetajwa.
Dakika kumi na moja."

"Kwa hiyo tusijenge?"

"Jenga. Usiandike sifuri."

Chai ikaota ngozi vikombeni.
Yeye akasema hakuna ukuta usiobomoka,
kazi yake ni kumchosha mwizi.
Yeye akasema basi pima uchovu.
Uchovu wa nani? Wa mwanafunzi wa Chimwaga
anayejaribu usiku mmoja kabla ya mtihani,
au wa mtu anayelipwa mshahara
aamke kila siku na kazi hiyohiyo?
Hapo wote wawili wakanigeukia mimi,
mimi mwenye fomu yenye safu mbili:
IMEZUIA. HAIKUZUIA.
Hakuna safu ya kuchelewesha.
Nikajifanya nanoa penseli.

Saa nne usiku nilirudi kuchukua sweta.
Taa moja. Ndahani, viatu kavua,
zabibu nusu kilo kwenye gazeti lililolowa,
anausemesha ukuta wake Kigogo,
matusi au bembelezo, sikujua.
Akanigeuzia kioo.
"Tisa," akasema.
Macho mekundu, ila mdomo
ulikuwa unazuia kitu kama kicheko.
"Dakika tisa. Nimempita."

Halafu: "Usiandike."
Akameza zabibu na mbegu zake.
Halafu: "Andika. Ila weka kwamba mimi naujua,
niliujenga, si haki kuhesabu."
Akajisikia. Akanyamaza.
Feni ikakohoa kwa niaba yetu.

Nikaandika tisa pembeni,
nje ya mistari,
pale ambapo fomu haiulizi kitu.