Karibu, Nasieku

Barua ilikuja Jumanne, karatasi moja,
nembo ya bluu, sahihi ya mtu ambaye hajawahi kufika Moshi.
*Mpendwa mteja, kifaa chako kimefikia mwisho wa maisha.*
Nilikuwa nimekishika nikiisoma.
Kilikuwa na joto.

Wapagazi walikiita bunduki, kwa ajili ya kile kifyatulio,
nacho hakikuua kitu ila ubishi:
ukilenga lebo ya gunia, mlio mmoja, tiii,
hakuna tena wa kudai kahawa ya Uru imehesabiwa Kibosho.
Tulikuwa nazo kumi na mbili.
Miaka tisa zimekula vumbi la maganda,
zimeanguka sakafuni, zimeokotwa, zimefutwa kwa shati, zimeendelea.

Mama Aikande akapiga hesabu nyuma ya bahasha ileile:
mpya kumi na mbili, na mfumo wake, na mtu wa kuja kuufunga.
Akafika kwenye jumla, akalaza kalamu
taratibu, kama kijiko kwenye chakula cha msiba.
"Hii ni bei ya lori," akasema.
"Na lori linabeba."

Basi tukajifunza uchinjaji.
Iliyokufa kioo ikatoa betri,
iliyokufa betri ikatoa kioo.
Kumi na mbili zikawa tisa, tisa zikawa sita.
Kule Kiboriloni, kati ya mitumba na masufuria,
fundi Elinami alizifungua kwa bisibisi ya miwani,
akazifunga kwa utepe mweusi wa umeme,
na kila alipomaliza alinionya:
"Hii usiiamini. Itumie tu."

Godlisten, mtoto wa mama, akaja na simu yake.
Kuna programu ya bure, alisema, kamera inasoma yenyewe.
Ikasoma, kweli, juu ya meza ya ofisi.
Ghalani lebo zimekunjamana, mtandao umekwenda ulikokwenda jana,
na Kisali ana kilo sitini begani
anasubiri simu ipate picha nzuri.
"Nikae pozi gani?" akauliza.
Hatukuirudia.

Oktoba tukasikia kampuni ya maua, upande wa Usa River, imefunga.
Wanauza ndoo, mikasi, viti vya ofisi,
na bunduki aina yetu, nane, mbovu na nzima fungu moja.
Nikaenda na kiroba.
Nikarudi nazo mapajani,
mizoga minane, sikutaka kuiweka chini.

Saba zilikuwa za kuchinja.
Moja iliwaka usiku ule stoo, kioo kina mkwaruzo,
ikafikiri muda mrefu,
kisha ikaandika: *Karibu, Nasieku.*
Na chini yake kazi ambayo haikufungwa:
*Waridi jekundu, mashina 2,400.
Chumba baridi namba tatu.
Hali: inasubiri.*

Nikashika kidole juu ya kitufe cha kufuta.
Maua yale yameshanyauka, au yameshafika,
harusini kwa watu, kaburini kwa watu, Ulaya huko.
Nasieku sijui yuko wapi.
Labda hakuambiwa. Labda alikwenda kunywa chai
akakuta geti limefungwa, na mwanga mwekundu ameuacha ndani.
Elinami angeisafisha kwa dakika mbili.
Sikumpelekea.

Asubuhi, kabla ya lori la kwanza, naifyatua ukutani kuiamsha.
Inanikaribisha kwa jina lisilo langu,
nami naitika, kimoyomoyo, Kisali asisikie.
Daftari la ghala linasema msimu huu Nasieku
amepokea magunia elfu moja na mia tisa,
ya Uru, ya Kibosho, ya Machame, bila kosa.
Mkaguzi akiuliza ni nani
nitasema ni wetu, wa zamu ya asubuhi.
Betri yake inashika hadi saa sita.