Shubiri Moja

Jumapili, Barabara ya Pugu. Tanuru limezimwa tangu jana
lakini bado linapumua joto, kama mgonjwa aliyekataa kulala.
Kreni ya tani kumi imetulia,
nami nipo juu ya ngazi, bisibisi mdomoni,
naifungia breki kiendeshi kipya:
kiboksi cha kijivu, hakizidi pakiti mbili za sigara.

"Fundi," anaita Kaijage kutoka chini,
"kumbe umeme ndio unaoshika?"

Hapana. Hapo ndipo wengi hukosea.
Umeme hauna mikono.
Zinazoshika ni springi, sita, zimejikunja gizani,
zinaibana diski usiku na mchana bila mshahara.
Umeme huja kuziomba ziachie.
Ukiondoka, zinarudia kazi yao.
Katika mji huu wa kukatikakatika
nani asiyejua thamani ya kitu
kinachoshika vizuri zaidi gizani?

Nimepima koili: omu mia tatu ishirini na nne.
Nimepima pengo kwa kibati chembamba:
pointi tatu ya milimita, ukucha wa mtoto.
Volti mia tatu sitini za kuivuta kwa ghafla,
kisha mia na themanini za kuibembeleza ikae.
Sikujua anaandika. Mwandiko wake unapanda kilima
kwa sababu amekalia ndoo.

Kiendeshi cha zamani kilikuwa kinachelewa.
Si sana. Kufumba na kufumbua.
Watu walisema kreni imezeeka.
Mwezi wa Machi, katika kufumba na kufumbua huko,
fungu la nondo lilishuka shubiri moja
na mguu wa Ngwembe ulikuwa ndani ya shubiri hiyo.
Sasa analinda geti.

Saa nne. Tani kumi na mbili na nusu, mita moja kutoka sakafuni.
Nimechora mstari wa chaki kwenye ngoma ya kamba.
Wiki nzima umeme umekatika saa nne kamili, bila haya;
leo tunautaka ukatike, umeng'ang'ania
kama mgeni aliyenusa pilau.
Basi Sikujua akavuta swichi kuu
mzigo ukiwa njiani kushuka.

Kimya.
Halafu, taratibu, kama mtu anayekaa akiumwa mgongo,
mzigo ukaendelea.
Shubiri moja.

Kaijage alivua kofia, akaivaa tena.
Kifaa kipya, kosa lile lile.

Nikapanda. Nikasoma mchoro kwa tochi ya simu, mara mbili,
mara ya tatu kwa kidole.
Namba tatu, namba nne: kati yake kipande cha waya
kirefu kama njiti ya kiberiti.
Kila kifaa huja nacho kutoka kilikotengenezwa.
Anayefunga ndiye anayepaswa kukitoa,
aweke kontakta mahali pake.
Kikibaki, koili hata ikikatiwa
huzungusha umeme wake yenyewe kwa yenyewe,
kama mjane anayeendelea kupakua sahani mbili,
na springi zinangoja amalize.

Nikashuka hadi kwenye pipa la chakavu.
Kile cha zamani kilikuwa juu kabisa.
Tatu. Nne. Waya ule ule,
umekuwa mweusi.
Nilikifunga mimi, mwaka wangu wa kwanza hapa.
Nakumbuka hata shati nililovaa.

Jaribio la pili: *tak*.
La tatu: *tak*.
Dakika kumi tukautazama mstari wa chaki.
Haukusogea hata kwa unene wake.

Kaijage alikuwa ameshaagiza mihogo na soda.
Sikujua akageuza fomu hadi safu ya mwisho, Maoni.
"Niandike nini, dada? Safi?"

Andika waya, nikamwambia.
Andika tarehe zote mbili,
ya leo na ile nyingine.
Jina langu liandike kote kuwili.

Nikanawa mikono bila kuimaliza grisi
nikaenda getini kwa miguu,
waya mweusi mfukoni.