Zamu ya Jumamosi

Chogo amekubali kunishikia lindo
kwa elfu tano na soda mbili,
moja ya usiku, moja ya asubuhi.
Asubuhi mimi nitakuwa wapi sijui,
labda kilomita ya tisa,
labda nimekaa ukingoni navua soksi.

Miaka sita nalinda benki ile ya Mwenge.
Kuizunguka ni hatua mia tatu na kumi na mbili.
Nilizihesabu mwaka wa kwanza kwa kuogopa usingizi,
wa pili kwa mazoea,
mwaka huu kwa saa:
mizunguko sabini, rungu kiunoni,
kamera ikinitazama kama mama mkwe,
inaona yote, haina la kusema.
Meneja akauona mkanda. Akaniita.
Nikajua kibarua kimeota nyasi.
Akauliza tu, "Sasa Kondo, huyo mwizi alikuwa wapi?"

Leo nimekwenda kuchukua namba.
Hema jeupe, foleni ya watu wenye mapaja ya kazi,
fulana za klabu zao, Temeke, Tabata, Mbagala,
wanaitana kwa majina ya utani.
Dada wa mezani: "Klabu gani?"
Nikasema, "Lindo."
Akaandika. Wala hakucheka.
Mwenda pole hajikwai, kaniambia jamaa wa nyuma.
Aliyesema hivyo hakuambiwa
kwamba saa tatu barabara zinafunguliwa,
na magari hayajui methali.
Nikapewa namba 4071,
fulana ya saizi ya meneja,
pini tatu.
Wenzangu wote nne.
Foleni ilikuwa inasukuma, nikaondoka hivyo hivyo,
na namba yenye pembe moja inayopepea.

Mwanaidi kapika wali. Maharage kayaficha,
kaambiwa na mwenye duka
kwamba maharage hukimbia kuliko mkimbiaji.
"Elfu arobaini," anasema akipakua,
"umelipa ili ukimbie.
Mbona mgambo wanawakimbiza watu bure?"
Tumecheka mpaka mtoto akaamka.
Kisha akachomoa pini kwenye ushungi wake,
akaipachika pembe ya nne,
bila neno, kama mtu anayefunga dirisha.

Viatu ni vya Karume.
Nilivipinda, nikavinusa, muuzaji akanuna.
Kimoja kina kamba nyeupe, kingine ya bluu.
Kwenye ulimi wa kushoto kuna jina la mtu,
wino umekula jasho, zimebaki herufi tatu za mwisho.
Sijui bwana yule alikimbilia wapi,
kwenye baridi gani,
wala kilomita ya ngapi aliona basi.
Kesho tutavuka daraja la Tanzanite, bwana,
upepo wa bahari utupige ubavuni.
Ni ishirini na moja tu.
Ukichoka niambie mimi, usiwaambie miguu.

Saa tatu usiku nimelala.
Yaani nimejilaza.
Mwili huu usiku haujui kulala,
unajua kusikiliza:
paka juu ya bati, bajaji ikizima,
mtu anagonga kwa jirani, anafunguliwa, anagombezwa.
Kila sauti, macho kodo.
Kufika saa nane nimekagua komeo mara tano.
"Kondo," sauti ya Mwanaidi gizani,
"hapa hakuna benki."

Saa tisa simu inatetemeka. Chogo.
"Nimezunguka mara moja nimechoka.
Wewe hizo sabini ulikuwa unatafuta nini?"
Naandika. Nafuta.
Naandika tena, nafuta.

Nimevuta kiti mpaka mlangoni,
mgongo ukutani,
fulana magotini, namba juu,
pini tatu zinang'aa, moja ina kutu kidogo.
Kama ni kitabu cha lindo ningejaza:
saa kumi kamili.
Viatu vipo.
Hali shwari.